Wapishi Tumboni mwa Mheshimiwa

Nina hasira na sitaificha. Juzi kwenye foleni ya kliniki, mama mmoja ambaye sikuwa nimemwomba maoni alimshika mtoto wangu mkono, akaufinya kwa vidole viwili kama mtu anayechagua karoti sokoni, akaniuliza kwani huyu humpi chakula. Kabla sijajibu alikuwa ameshatoa mkebe kwenye mkoba. Unga wa kukuza watoto. Alisema ana ofisi Westlands, ghorofani, na kwamba wateja wake ni watu wanaojiweza. Nikanunua. Hilo ndilo linaloniuma. Nilinunua kwa sababu foleni nzima ilikuwa imegeuka kuutazama mkono wa mtoto wangu, na mtu akitazamwa hivyo anaweza kununua hata mchanga.

Nyumbani nikaufungua. Harufu iliyotoka haikuwa ya maziwa wala ya uji. Ilikuwa ya molasi na chumvi na kitu kama kutu ya msumari. Sikumpa mtoto. Nilikaa sakafuni jikoni, mkebe katikati ya miguu, mtoto akinivuta nywele, na mbele yangu nikaona, kama nilipokuwa mtoto, gunia la Baba limeegemea ukuta wa mabati kule mtaa wa Satellite, na kondoo mkubwa mweupe ameingiza kichwa ndani.

Wewe wa rika langu uliyekulia upande huu wa mji unajua tulivyoishi. Nyumba za mabati mstari mmoja, choo mwisho, bomba la maji katikati, na nyuma kipande cha ardhi ambacho mwenye nyumba hajaamua atajenga nini. Kwenye kipande hicho Baba alijenga kibanda cha mbao, akamweka kondoo dume mmoja. Mwenye nyumba alijifanya hamwoni. Mama alikuwa akiuza matumbo ya mbuzi na kondoo sokoni Dagoretti, na kila Jumamosi kipande kizuri kilikuwa kinafika mezani kwa mwenye nyumba bila mtu kusema chochote.

Majirani walimwita yule kondoo Mheshimiwa, kwa sababu alikuwa anakula tu, hafanyi kazi, na akipita lazima umpishe. Lakini hakuwa wa mchezo. Alikuwa ngoima, yaani dume wa kunoneshwa nyumbani kwa mkono, halafu apelekwe kwa wakwe. Baba alikuwa amemaliza kila kitu cha mahari kwa upande wa Mama: mbuzi, blanketi, na yote yaliyotajwa siku ile ya kwanza. Ilikuwa imebaki ngoima peke yake. Watu wengi siku hizi huweka pesa kwenye bahasha wakasema hii ni ngoima, na wazee wakapokea. Guka, baba yake Mama, alikataa. Alisema hataki kondoo wa karatasi.

Basi mpaka ngoima apelekwe, Mama kwao alikuwa mtu wa kukaa tu na mwanamume. Sikuambiwa hivyo na mtu, niliona kwa macho. Tukienda Waithaka kwa Guka kukiwa na shughuli, nyama ikianza kugawanywa dada zake waliitwa mbele wakakaa kwenye viti, na yeye akatumwa jikoni aangalie chai. Alikuwa ameshazaa, alikuwa anamlisha mumewe na mwanawe, mikono yake ilikuwa imekauka kwa maji ya kuosha matumbo, lakini alikuwa anaangalia chai. Mjomba Karanja, kaka yake mkubwa, alikuwa na namna ya kumsalimu Baba: "Niaje, mgeni." Kila mara. Watu wakacheka, Baba akacheka pia, na tukirudi nyumbani alikuwa haongei mpaka tufike.

Kwa hivyo uelewe kwa nini yule kondoo alipewa kila kitu.

Baba alikuwa mpishi. Alipika kwa mtu mmoja wa Westlands aliyekuwa akichukua kazi za harusi za Wahindi, sufuria ambazo mtu mzima angeweza kuoga ndani. Alijua kuonja mchuzi kwa mbali, kwa pua tu. Na aliamini kwamba mwili wowote, wa mtu au wa mnyama, ni kazi ya jikoni: ukijua cha kuweka na wakati wa kuweka, utaona matokeo. Akaenda kwenye duka la dawa za mifugo Dagoretti akarudi na gunia la unga wa kijivu wa kukuzia kondoo, wenye picha ya dume mwenye sufu kama wingu. Akaleta jiwe la chumvi, jekundu kama tofali, akalifunga kwa waya ili Mheshimiwa alilambe. Akaleta molasi kwenye dumu, nyeusi na nzito, na mimi nilichovya kidole nikaipenda, na nikachapwa. Jioni alipima unga kwa kikombe chake cha chai, akanyunyizia majani ya viazi vitamu aliyokata Mama, akamwagia molasi kidogo, akarudi nyuma hatua moja akatazama, vile alivyokuwa akitazama sahani kabla haijaondoka jikoni.

Na yule kondoo alikuwa akiongezeka. Hilo liliniingia moyoni kama jambo kubwa. Mimi nilikuwa mwembamba, nikipimwa shuleni mwalimu alikuwa akiangalia mizani mara mbili, na hapa kulikuwa na kiumbe aliyekuwa akijaa machoni pangu, wiki kwa wiki, mpaka mkia wake ukawa mzito, ukiyumba akitembea.

Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kukaa naye nikiandika hesabu, ili watoto wa ploti, wa ule mstari wetu wa nyumba, wasimrushie mawe. Nilimwegemea ubavuni. Hapo ndipo nilipowasikia.

Kwanza nilidhani ni gari la mizigo barabarani. Mngurumo wa mbali, ukaja, ukapanda, ukapita chini ya shavu langu, ukaisha. Nikasubiri. Ukaja tena. Nikaweka sikio vizuri, upande wa kushoto, pale penye shimo nyuma ya mbavu, na ngozi ikainuka ikanisukuma kichwa taratibu, kama mtu aliyelala anayejigeuza. Ndani kulikuwa kunachemka. Kulikuwa na viputo, kulikuwa na kukorogwa, na kila baada ya muda ile sauti kubwa ya kitu kizito kinachopinduliwa.

Nilikuwa nimewahi kwenda jikoni kwa Baba siku ya harusi. Nilikuwa nimesikia mwiko mrefu ukigeuza wali kwenye sufuria kubwa, na ndiyo sauti hiyo hiyo. Sikuwa na shaka. Ndani ya Mheshimiwa kulikuwa na mpishi. Baba alikuwa anapeleka vitu kupitia mdomoni, na yule wa ndani alikuwa anavipokea, anavipika, na wakati mwingine, akiona hakijaiva, anakirudisha juu Mheshimiwa akitafune upya. Maana hilo pia nililiona: kondoo ametulia, hakuna chochote mbele yake, ghafla donge linapanda shingoni, na anaanza kutafuna tena macho yamelegea. Nilimwambia Mama kuna mtu ndani. Akaniambia nimalize hesabu.

Siku ikapangwa. Guka alituma neno kwamba anazeeka na anataka kuona jambo la binti yake limekwisha, watupokee mwishoni mwa mwezi. Baba akaingiwa na wasiwasi wa mpishi anayeona wageni wameingia na chungu bado. Alimpapasa Mheshimiwa mgongo asubuhi, akampapasa jioni, akasema bado, bado kidogo.

Wiki hiyo kulikuwa na harusi kubwa huko Westlands, ya siku nyingi, na vilibaki vyakula ambavyo mimi sijaona tena. Wenye harusi hawakutaka vitupwe. Baba akarudi asubuhi na gari la kazini na magunia mawili: chapati, wali wa njegere, unga wa chapati uliokandwa ukabaki, na vile vitamu vya rangi ya chungwa vilivyoviringwa. Ploti nzima ilikula. Na kilichobaki, ambacho kilikuwa kingi, Baba alimpelekea Mheshimiwa. Alikuwa amechoka na amefurahi. Alisema kama chakula hiki kimenenepesha mabwana wa Westlands mpaka hawatoshei kwenye viti, kitashindwa na kondoo? Mama aliuliza si ni kingi. Baba akamwambia, akimwita kwa jina langu, "Mama Shiru, hiyo ni ghee, samli safi. Hiyo haiwezi dhuru mtu."

Mheshimiwa alikula kama aliyekuwa akingojea siku hiyo tangu azaliwe. Alikula chapati zikiwa zimekunjwa. Alikula ule unga mbichi mpaka ukambandika midomo.

Kesho yake niliporudi kutoka shuleni alikuwa amesimama kwenye kona, kichwa kimeshuka, uso umetazama mbao. Alikuwa anasaga meno, sauti ya mtu anayekwangua sufuria. Kushoto alikuwa amevimba kama mpira. Chini yake palikuwa na uchafu wa maji maji wenye harufu chachu, kama uji uliosahauliwa. Nilipiga magoti nikaweka sikio.

Kimya.

Sijawahi kusikia kimya kama hicho, na nimeshakaa vyumba vya hospitali. Nilingoja ule mngurumo. Kulikuwa na maji tu, yakicheza nikimsukuma, kama dumu lililojaa nusu. Mpishi hakuwepo. Nikajua amekufa, na nikajua amekufa kwa kupikiwa na Baba, na sikujua nimwambie nani.

Mama alipofika alimtazama mara moja akageuka akarudi Dagoretti bila kuvua leso. Alirudi na daktari wa mifugo, msichana mrefu wa buti za mpira na nywele za kusuka, aitwaye Nafula, aliyekuwa na kazi katika lile lile duka Baba alikonunulia unga. Baba alikuwa ameshafika pia. Nakumbuka alivyokuwa amesimama na aproni ya kazini bado shingoni, akijieleza kabla hajaulizwa.

Daktari hakugombana. Aliweka ngumi yake kwenye lile shimo la ubavu, akaiacha hapo, akatazama saa yake, akatazama angani. Aliuliza amekula nini. Baba akataja chapati, akataja wali, akataja unga. Vile vya rangi ya chungwa hakuvitaja. Mama ndiye aliyevitaja.

Halafu daktari akatuambia jambo ambalo mpaka leo nikilifikiria nywele zinanisimama. Nitaliandika vile alivyolisema, kwa sababu nililishika lote.

"Mzee, wewe ulifikiri unalisha kondoo. Kondoo hajui kula nyasi. Ndani ya hili tumbo kubwa kuna wadudu wadogo sana, wengi kuliko watu wa Kenya yote, huwezi waona na macho. Hao ndio wanakula nyasi. Wakishakula wanaongezeka, na kondoo anakula hao. Sasa umewapatia chakula tamu sana, wengine wakashangilia wakajaza tumbo asidi, na wale wa maana wote wakafa."

Baba akauliza na ule unga wa dukani, nao pia? Daktari akasema hapana, ule hauna makosa, wala jiwe, wala molasi ukiimimina kwa kiasi. Vyote hivyo, alisema, ni vya kuwasaidia hao wa ndani: chumvi na madini wapate nguvu, molasi kidogo iwachangamshe, lakini nyasi ndiyo kazi yao, na bila kazi wanaharibika. Hakuna kitu kwenye gunia kinachonenepesha kondoo. Kinawanenepesha wao, na wao wakipenda wanamnenepesha kondoo.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa kibanda, mdomo wazi. Kumbe hakuwa mpishi mmoja. Walikuwa wengi kuliko watu wa Kenya. Nilimtazama Mheshimiwa, kichwa chini, ameshika jiji zima lililokufa ndani ya ngozi yake, na nikaona aibu kwamba niliwahi kumpanda mgongoni.

Daktari akamnywesha Mheshimiwa maji yaliyokorogwa na ile soda nyeupe ya kuumulia maandazi, ya kupunguza ule ukali. Akasema apewe nyasi kavu tu, hata akikataa zikae mbele yake. Lakini, akasema, tumbo halitaanza lenyewe. Linahitaji mbegu. Inabidi zitoke kwenye tumbo la kondoo mzima, aliyekula nyasi, zikiwa hai, na zinakufa zikipoa au zikikaa kwenye hewa. Alimtazama Mama. Alikuwa anajua Mama anauza nini. Akamwambia, "Wewe uko na watu machinjioni." Mama akasema anao. Akauliza maswali mawili: wanafikaje wakiwa na joto, na asipofanya hivyo itakuwaje. La kwanza, daktari alisema hilo atalijua mwenyewe. La pili, akasema kondoo atakufa kabla ya Jumapili.

Baba akakaa chini kwenye jiwe la kufulia. Alisema kwa sauti ndogo wataomba siku nyingine. Mama alimwambia, "Baba Shiru, mimi chai nimeangalia vya kutosha." Akaingia ndani akatoka na themosi.

Lazima nikueleze kuhusu hiyo themosi. Ilikuwa nyekundu yenye maua meupe, ilikaa kabatini imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na sisi watu wa nyumba hatukunywa kutoka humo. Ilikuwa ya wageni. Ilikuwa ya mchungaji. Kesho yake, Jumamosi asubuhi na mapema, Mama aliiosha kwa maji ya moto, akaijaza maji ya moto mengine iote joto ndani, akaifunga, akanishika mkono tukaondoka.

Machinjioni nilikuwa nimezoea kubaki nje kwenye meza za akina mama wa matumbo. Siku hiyo aliniingiza. Wanaume wa makoti meupe yasiyokuwa meupe tena, maji yanatiririka chini, mvuke. Walimjua. Mmoja alipoona themosi akauliza kama leo Mama Shiru amewaletea chai, na mwingine akasema ni supu anataka kubeba, mwanamke huyu hata supu hawezi ngoja ifike jikoni. Mama hakucheka. Alieleza anachotaka. Wa kwanza akasema yeye huwa anatupa mikokoteni mizima ya hiyo kitu na leo ameona mtu anaipangia foleni.

Lakini walimsaidia. Aliwauliza kondoo wa leo wametoka wapi, akakataa wa kwanza kwa sababu alikuwa amefungiwa na njaa siku nyingi njiani, akakubali wa pili aliyetoka malishoni upande wa Suswa. Mimi sikutazama kuchinjwa. Nilitazama tumbo lilipotolewa na kulazwa kwenye saruji, kubwa, la kijivu, likiwa bado linacheza. Hilo ndilo ninalotaka uelewe: mwenyewe alikuwa ameshakwenda, na lenyewe likawa bado linafanya kazi. Liliinuka, likajikunja upande mmoja, likatulia, likainuka. Yule mtu akalipasua, na mvuke wa kijani ukapanda ukanigonga usoni. Nilitarajia uvundo. Ilikuwa harufu ya shamba. Ilikuwa nyasi zilizolaliwa na jua, na chini yake kitu kikali na hai, kama pumzi ya mtu aliyekaribia sana.

Mama alifungua leso kichwani, akaitandika kwenye beseni, akachota kwa mikono miwili akakamua. Maji ya kijani yakashuka. Alimwaga yale ya moto kutoka kwenye themosi, akaijaza hayo mpaka mdomoni pasibaki nafasi ya hewa, akafunga. Kichwa chake kilikuwa wazi, nywele zimesimama. Sikuwahi kumwona akiwa hana leso mbele ya wanaume.

Tulipanda pikapu ya nyama iliyokuwa inapeleka kwa bucha za Satellite, mbele, sisi wawili na dereva. Mama aliikumbatia ile themosi ndani ya sweta kama alivyonibeba mimi nikiwa na homa. Dereva alijaribu kuongea akaachana naye. Mimi nilikuwa nikifikiria wale waliokuwa ndani, wamefungiwa gizani kwenye maua meupe, wametoka Suswa, hawajui wanakopelekwa. Niliinamisha kichwa nikawaambia polepole kwamba wasiogope. Mama alinisikia. Kwa mara ya kwanza hakuniambia ninyamaze.

Nyumbani Baba alimpanda Mheshimiwa kama farasi, magoti mbavuni, akamwinua kidevu, si juu sana, maana daktari alikuwa ameonya yakienda mapafuni basi. Mama aliingiza vidole pembeni mwa mdomo penye pengo la meno, akashika taya, akaanza kumimina kwa chupa ya soda, kidogo, anangoja koo lipande, kidogo tena. Majirani walikuwa wamekuja kucheka na hakuna aliyecheka. Alimimina mpaka themosi ikaisha.

Halafu ikabaki kungoja. Baba alikaa kibandani mchana kutwa, hakwenda kazini. Mheshimiwa alisimama vile vile. Jioni niliweka sikio, hakuna kitu. Nilienda kulala nikiwa na hakika kwamba asubuhi atakuwa amekufa.

Asubuhi ya Jumapili nilitoka kabla ya mtu kuniona. Alikuwa amelala chini, halafu akanitazama. Nilipenya chini ya mbao. Nikaweka shavu. Kwanza maji. Kisha kitu kidogo sana, kama mtu anayejaribu mlango. Kimya. Kisha kwa mbali, kwa mbali kabisa, ule mngurumo ukaanza kuja, ukapanda, ukanisukuma kichwa, ukapita.

Nikawaambia karibuni. Nikawaambia chakula cha huku ni nyasi, na kwamba mpishi wa nje hana ubaya.

Nilipoinua kichwa Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Aliweka ndoo chini, akapiga magoti kwenye samadi na nguo ya kanisani, akaweka sikio lake pembeni ya langu, na tukakaa hivyo tukitazamana pua kwa pua. Alipousikia alifumba macho. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesikia akiitwa jina kutoka mbali. Nilikuwa nimemdhania mama yangu ni mtu anayeosha matumbo. Asubuhi hiyo niliona kwamba anaweza kuchukua uhai mahali ulipokuwa unamwagwa, akaubeba kwenye kifua chake mpaka ulipokuwa umekosekana. Nimezaa, na bado sijaona jambo kubwa kuliko hilo.

Lakini Mheshimiwa alikuwa amekonda. Siku chache zile zilikuwa zimemla mgongo wote, na mwisho wa mwezi ulikuwa umefika. Daktari alisema asilazimishwe, nyasi na jiwe lake na unga kidogo kidogo. Baba alitii kama mwanafunzi. Tukaenda Waithaka na kondoo mwenye macho mazuri na mbavu zinazohesabika.

Wazee walikuwa wamekaa uani kwenye viti vya plastiki. Akina mama walikuwa jikoni, na Mama akaingia huko huko, kwa mazoea. Mjomba Karanja, amevaa suti, ndiye aliyekuja kumkagua. Alipitisha mkono mgongoni, akabonyeza, akageukia wenzake akauliza hii ni ngoima ama ni ngazi. Wakacheka. Baba, ambaye angeweza kuongea na wapishi kumi kwa pamoja, alianza kueleza habari za harusi na chapati, na kila alichosema kilifanya mambo kuwa mabaya zaidi. Mjomba akamwambia pole pole, kama anayemsaidia, "Sikia, mgeni. Mrudishe, mlishe vizuri, mje baada ya Krismasi. Hakuna mtu anakukimbiza."

Mama alikuwa ametoka jikoni. Alikuja akijifuta mikono, akapita katikati ya viti, akasimama kando ya Baba.

"Karanja, toa mkono hapo."

Akautoa.

"Hii kondoo tumbo yake ilikufa. Nilienda nikaitafutia ingine, nikaitia kwa hii mikono. Wewe umewahi lisha nini mpaka ukaamka nayo ikiwa hai?" Hakupaza sauti. Akamgeukia Guka, na kwake akabadilisha maneno, akaongea kwa heshima. "Baba, ulisema hutaki ya karatasi. Ngoima ni mnyama aliyelishwa nyumbani kwa mkono. Amelishwa. Mimi sikuja kuuliza kama nimeolewa, hilo ninalijua. Nimekuja kuleta kondoo."

Guka alimtazama Mheshimiwa kwa muda mrefu, macho yake yakiwa na ukungu wa uzee. Akauliza ni nani aliyemshika alipokuwa anatiwa hilo tumbo. Mama akasema ni huyu. Guka akamtazama Baba, naye Baba akatazama viatu vyake.

"Karanja," Guka akasema, "pokea kamba."

Kwa watu wetu aliyepokea kamba amepokea kondoo, na aliyepokea kondoo hana swali tena. Mjomba aliipokea. Alivuta aende naye nyuma ya nyumba, lakini Mheshimiwa alikuwa ameona nyasi mbichi kando ya kiti, na alikuwa na njaa kama wagonjwa wote wanaopona. Aliinamisha kichwa akaanza kung'oa. Mjomba akavuta tena. Guka akamwambia amwache amalize.

Basi Mjomba akangoja na suti yake, kamba mkononi, na wazee wote wakasikiliza kondoo akila. Mama hakurudi jikoni. Alivuta kiti akakaa.